Panga la Guka na Mamba Niliyemfuta

Wasee, leo mzaha utakuwa kidogo. Wiki mbili zilizopita niliwawekea video ya panga, mnaikumbuka. Nilichukua panga kuukuu la guka, nikalitoa kutu, nikalitia makali mapya, nikalibadilisha mpini, kisha nikalikatia kuni za mkaratusi mpaka mkono ukafa ganzi. Mliipenda. Msee mmoja akaniambia hiyo ndiyo video yangu kali zaidi tangu niache chuo. Nikavimba kichwa siku mbili.

Siku ya tatu nikapanda mat hadi ocha kurudisha panga kwa shosho. Akalipokea kwa mikono miwili. Akalitazama upande mmoja, akaligeuza akatazama wa pili, akapitisha kidole gumba kwenye bapa polepole kama mtu anayesoma. Kisha akaniuliza, "Mzee wangu, mamba yuko wapi?"

Shosho huniita mzee wangu kwa sababu nimerithi jina la mume wake. Kwetu Murang'a hiyo ni kawaida, na akiniita hivyo huwa najua ninapendwa. Siku hiyo nilijua niko kwa shida.

Mamba nilikuwa nimemfuta. Karibu na mpini kulikuwa na chapa ya kiwanda, picha ya mamba mdogo na maandishi ambayo kutu ilikuwa imeyala nusu. Mimi niliona uchafu. Nilitaka chuma king'ae kwa kamera, nikapitisha grainda mara tatu, mamba akaenda.

Shosho hakunigombeza. Alisema tu kwamba guka alilinunua lile panga kwa duka la Mhindi, Murang'a mjini, mwaka tuliopata uhuru, kwa pesa zake za kwanza za kuchuma kahawa. Na kwamba wanaume wakienda kufyeka pamoja, mapanga yakichanganyika, guka alitambua lake kwa yule mamba. Akaliweka nyuma ya mlango mahali pake pa siku zote, akaingia jikoni kuniwekea chai.

Afadhali angenigombeza. Nimekaa na hilo swali wiki nzima: mamba yuko wapi? Nikaanza kusoma. Hii post ni matokeo ya kusoma huko, na ni njia yangu ya kuomba msamaha.

Tuanze na neno lenyewe. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa akitukata alama tukiandika "panga yangu". Alisema ni panga langu, mapanga yangu, ngeli ya LI-YA, na mtaani mseme mnavyotaka. Neno hili lina undugu na upanga, ile silaha ya vita ya watu wa pwani. Lakini panga halikubaki vitani. Lilishuka shambani, likaingia jikoni, likapasua kuni na kufungua madafu. Wakikuyu walilichukua wakaliita banga. Waingereza nao walilichukua, na leo ukifungua kamusi ya Kiingereza utalipata humo bila kubadilishwa hata herufi moja. Hata Wamarekani wanaopenda kupiga kambi msituni wanalijua. Kampuni ya Cold Steel ya kule imeuza kwa miaka mingi kisu kikubwa cha kufyekea ambacho jina lake ni Panga Machete. Msee wa Texas anaagiza panga kwa intaneti na anajivunia. Wewe ukishika panga Tom Mboya Street saa moja jioni, watu wanavuka barabara. Hiyo tofauti ndiyo nataka tuiongelee, lakini twende pole pole.

Chuma hakikuletwa hapa na Mzungu. Hii najua mliambiwa darasani, ila nadhani mliiandika kwa daftari bila kuisikia. Kule Siaya kuna mahali panaitwa Urewe, ambapo wachimbaji wa mambo ya kale walipata vyungu vya zamani sana, na watu waliotengeneza vyungu vya aina hiyo kandokando ya Ziwa Victoria walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kwa Wakikuyu, wahunzi walichota mchanga mweusi wenye chuma kwenye mito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Jomo Kenyatta aliielezea kazi hiyo katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa, na laana yake ilikuwa kitu ambacho hakuna mtu alitaka kukijaribu. Kazi yenyewe ilikwenda kwa ukoo, baba kwa mtoto.

Moja ya vitu walivyofua ni sime. Wamaasai wanayo, Wakikuyu walikuwa nayo, Wakamba pia. Angalia sime vizuri siku moja ukipata nafasi. Karibu na mpini ni nyembamba, halafu inapanuka kuelekea mbele, kama jani. Sasa angalia panga. Panga lina makali upande mmoja na sime ina pande mbili, lakini wazo ni lile lile: uzito uko mbele.

Kwa nini mbele? Hapa nitavaa kofia ya ile digrii ya mitambo niliyoiacha mwaka wa pili karo iliponishinda. Ukirusha mkono, ncha ya panga ndiyo inasafiri kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukiweka uzito pale, pigo linakuwa zito bila wewe kutumia nguvu nyingi, ni kama kichwa cha nyundo. Shingo nyembamba karibu na mpini inakupa udhibiti, tumbo pana mbele linafanya kazi. Mtu aliyechora umbo hilo mara ya kwanza hakuwa na karatasi ya fizikia. Alikuwa na shamba lenye vichaka na mkono uliochoka.

Basi reli ikaja. Walianza kuijenga Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Tunakumbuka simba wa Tsavo, lakini kilichobadilisha maisha ya mhunzi ni mizigo. Chuma cha kiwandani kilianza kufika bara kwa wingi na kwa bei ya chini. Kuyeyusha mchanga wa mto ilikuwa kazi ya siku nyingi, na jembe la dukani lilikuwa pale pale linaning'inia. Tanuri za kienyeji zikazimika moja baada ya nyingine. Mhunzi aliyebaki akawa wa kurekebisha chuma cha mtu mwingine.

Na hicho chuma kilitoka wapi? Hapa ndipo nilipompata mamba wangu. Kuna kampuni inaitwa Ralph Martindale, iliyoanzia Birmingham, Uingereza, 1873. Kazi yake ilikuwa vifaa vya kukatia vya kuuzwa makoloni: mashamba ya miwa ya Karibi, misitu ya Afrika Magharibi, huku kwetu. Alama yake ya biashara ni mamba. Nilirudi kwa video zangu ambazo sikuweka, nikatafuta sekunde za mwanzo kabla sijawasha grainda. Kuna fremu moja tu iliyoshika vizuri. Unaona mkia wa mnyama, na chini yake herufi tano: N, G, H, A, M. Nilikaa kwa keja nikiangalia hizo herufi kama mtu aliyeona jina lake kwa gazeti.

Fikiria hiyo safari. Chuma kinatengenezwa Birmingham, kinapanda meli, kinashuka Mombasa, kinapanda treni, kinafika duka la Mhindi Murang'a, kinanunuliwa na kijana kwa pesa za kahawa. Na kahawa yenyewe labda ilipanda treni ile ile kurudi upande ule mwingine.

Sasa tufike 1952. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Bunduki zilikuwa chache. Nyingine walizitengeneza wenyewe kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya mpira. Kwa wengi, silaha ilikuwa sime au panga, kile kile kifaa cha shambani.

Magazeti ya Uingereza yakapata picha waliyoitaka. Panga likawa alama ya ushenzi. Januari 1953 familia ya setla, mume, mke na mtoto wao mdogo, iliuawa kwa mapanga, na picha za chumba cha yule mtoto zilizunguka dunia. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kule Lari watu zaidi ya 70, Wakikuyu wenzetu, wengi wakiwa wanawake na watoto, walichomwa na kukatwakatwa, kisha vikosi vya serikali vikalipiza kisasi kwa kuua watu wengi pia. Siwezi kuwaambia kwamba panga halina damu. Linayo. Anayekueleza historia ya ukombozi bila Lari anakuuzia kalenda, hakuelezi historia.

Lakini tuhesabu pamoja. Katika miaka yote ya hali ya hatari masetla waliouawa ni 32. Waafrika walionyongwa na serikali ni 1,090, na wengi wao hawakunyongwa kwa sababu ya kuua, bali kwa kupatikana na silaha au risasi, kushirikiana na wapiganaji, au kulisha watu kiapo. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa risasi msituni. Kamba ilitoka kwa serikali, bunduki zilitoka kwa serikali, ndege za mabomu zilitoka kwa serikali. Lakini kitu kilichobaki kwa kichwa cha dunia ni panga. Na mapanga yenyewe, ambayo magazeti ya London yaliyaita silaha ya giza, viwanda vya Uingereza vilikuwa vikiyauza Afrika kwa maboksi. Maze, hiyo sehemu ilinifanya nifunge laptopu nikatembee kidogo.

Na kuna upande mwingine ambao sikuwahi kuusikia mpaka juzi. Niliporudi ocha mara ya pili nilimwomba shosho aniambie kuhusu panga, si la guka, la mamake. Shosho alikuwa na miaka kama tisa wakati huo. Kuanzia 1954 serikali ilihamisha zaidi ya watu milioni moja kuwaingiza katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na nyaya za miba. Walikuwa ndani ya kimoja. Anakumbuka asubuhi ambazo akina mama waliamriwa kujipanga, kila mmoja na panga lake, wakaongozwa na askari hadi ukingoni mwa msitu. Kazi ilikuwa kufyeka vichaka ili wapiganaji wakose pa kujificha. Vitabu vinasema hivyo hivyo: mwaka 1955 maelfu ya raia, wengi wakiwa wanawake, walilazimishwa kuingia msituni na mapanga. Upande wa Mlima Kenya watu walichimbishwa mtaro wa karibu kilomita 80 na kuupanda vijiti vilivyochongwa ncha.

Shosho alisema mamake alirudi jioni na mikono imevimba, akalinoa panga kwenye jiwe kwa sababu kesho yake lingehitajika tena. Nilimuuliza, "Shosho, alijua walio msituni?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Kakake alikuwa huko."

Sina maneno ya kuongeza hapo. Panga lile lile lilikuwa mkononi mwa kaka aliyejificha na mkononi mwa dada aliyelazimishwa kumfichua. Ukiona mtu anasema panga ni silaha ya Mau Mau, au panga ni kifaa cha mkulima, mwambie aongeze hadithi hii katikati.

Wenzetu wengine waliamua kulikumbuka kwa njia tofauti. Angola, tarehe 4 Februari 1961, watu wenye mapanga walishambulia magereza ya Luanda kujaribu kuwatoa wafungwa wa kisiasa wa Wareno. Wengi waliuawa. Uhuru ulipokuja 1975, Angola iliweka panga kwenye bendera, pamoja na nusu gurudumu la meno na nyota. Gurudumu ni wafanyakazi wa viwandani, panga ni wakulima na vita vya ukombozi. Sisi bendera yetu ina ngao na mikuki. Kwenye nembo ya taifa kuna jogoo ameshika shoka. Panga halimo. Sanamu ya Dedan Kimathi ilipozinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, walimpa bunduki mkono mmoja na jambia mkono mwingine. Silaemu aliyeichonga, ila kifaa kilichokuwa kwa kila boma ya Kati kilikosa nafasi.

Labda kuna sababu. Miaka ya karibuni panga limebeba mambo mazito kuliko Lari. Rwanda, kati ya Januari 1993 na Machi 1994, mapanga zaidi ya 500,000 yaliingizwa nchini kutoka nje, na mwezi uliofuata mauaji ya kimbari yakaanza. Huo haukuwa wazimu wa usiku mmoja. Mtu alijaza fomu, mtu akalipa, mtu akapakua makontena. Panga halikuamka asubuhi likaamua.

Na hapa kwetu baada ya uchaguzi wa 2007 tuliona mapanga barabarani, wengine mliyaona mkiwa watoto mgongoni mwa mama. Ila soma ripoti ya Tume ya Waki. Watu 1,133 waliuawa. Kati yao, 405 waliuawa kwa risasi, zaidi ya theluthi moja. Umeona muundo? Panga ndilo linapigwa picha, bunduki inavaa sare. Kijana mwenye panga ni habari. Mwenye bunduki ni "maafisa walifika kutuliza hali".

Simtetei mtu. Kuna mitaa Mombasa na Nairobi ambako watu wanafunga duka mapema kwa sababu ya vijana wenye mapanga, na waliokatwa ni maskini wenzao waliokuwa wanatoka kazini. Nawajua watu wenye makovu. Ninachosema ni kwamba tumeacha kifaa kizima, chenye karne za akili ya watu wetu ndani yake, kibaki na maana moja tu, ile ya uoga.

Niliionja hiyo maana nikienda ocha kurudisha panga. Nilikuwa nimelifunga kwa gazeti, mpini unatoka nje kidogo. Makanga akaniangalia juu mpaka chini, rasta zangu, hudi yangu, gazeti langu. "Buda, hiyo kitu haiingii na wewe. Ipeleke kwa buti." Nikaipeleka. Mama mmoja aliyekuwa kiti cha mbele akahamia nyuma. Tuliposhuka kule, nikalitoa, nikalibeba begani wazi wazi kilomita mbili. Wazee watatu walinisalimia. Mmoja akaniambia, "Umefanya vizuri kuja kumsaidia cucu wako." Kijana yule yule, panga lile lile, saa mbili tofauti na kilomita themanini.

Sasa, kwa wale waliokuja kwa sababu ya kifaa chenyewe, sijawasahau. Nilipima mapanga mawili: la guka, na jipya nililonunua tao kwa soo tano. Yote yana bapa la karibu sentimita 45. La guka lina unene wa milimita 3 karibu na mpini na linapungua kuelekea mbele. Jipya lina unene mmoja mwanzo hadi mwisho, kama limekatwa kwa bati.

Kwa nyasi na vichaka laini yalitoshana. Kwa mianzi la guka lilipita kwa pigo moja la mshazari, jipya lilitaka mawili. Tofauti kubwa ilikuwa kwa mkaratusi mkavu. Baada ya mapigo 50 makali ya panga jipya yalikuwa yamejikunja, ukipitisha ukucha unasikia. La guka lilihitaji tu kupitishwa kwenye kinoo kidogo. Kisha nikalipinda la guka dhidi ya gogo, likarudi limenyooka. Hiyo ndiyo alama ya panga zuri: laini kiasi cha kunoleka kwa tupa, gumu kiasi cha kubaki na makali, na linapinda bila kukatika.

Kama unataka kurekebisha lako, anza na mpini. Panga jipya huja na kingo kali kwenye mpini zinazotoa malengelenge ndani ya dakika kumi. Piga msasa mpaka iwe mviringo, kisha funga mpira wa tyubu ya baiskeli, wazee wamefanya hivyo miaka yote na haitelezi ukilowa jasho. Toboa tundu mwishoni upitishe kamba ya mkononi. Makali ya kiwandani ni butu makusudi, kwa hiyo tumia tupa, ukiinamisha nyuzi kama 20 hadi 25 kila upande. Karibu na mpini fanya makali membamba ya kuchongea, na kwenye tumbo yaache manene kidogo maana hapo ndipo pigo linapotua. Ala tengeneza kwa kipande cha bomba la plastiki, ulipashe moto ulibonyeze.

Na grainda iogope. Mimi niliiwasha kama mwenda wazimu, na sehemu ndogo ya makali ikageuka rangi ya samawati. Nilimpelekea fundi mmoja wa jua kali Kamukunji, mzee anayetengeneza mapanga kwa springi za magari yaliyochoka. Aliangalia pale palipobadilika rangi akatikisa kichwa. "Kijana, hapa umeua chuma." Moto ukifika kiwango hicho, chuma kinapoteza ugumu kilichopewa kiwandani. Alinifanya nikae chini na tupa, mkono mtupu, nikalirudisha makali nyuma mpaka rangi ile ikaisha. Saa moja na nusu. Halafu akaniambia kitu ambacho wakati huo nilidhani anaongea kuhusu chuma tu: "Ukitaka kurekebisha kitu cha mzee, kwanza kijue. Grainda haina subira ya kujua."

Wasee, pale Kamukunji, katikati ya kelele za mabati na nyundo, niligundua kwamba mhunzi hakufa. Reli ilimnyang'anya tanuri, ukoloni ukamnyang'anya soko, lakini leo anachukua springi ya mat iliyokufa, anaipasha moto, anaifua, na jioni ni panga. Chapa hana. Hakuna mamba, hakuna jina. Nilimuuliza kwa nini hapigi alama yake. Akacheka, akasema wateja wanataka ya kiwandani, akipiga jina lake watajua ni ya hapa.

Hilo limenikaa rohoni kuliko yote. Birmingham walipiga mamba, na miaka sitini baadaye shosho bado anauliza alipo. Fundi wetu anaona aibu kuandika jina kwenye kazi yake mwenyewe. Na mimi, mjukuu, niliyepaswa kuuliza kwanza, nilifuta kile kidogo kilichokuwa kimeandikwa, ili king'ae.

Kwa hiyo nimefanya mambo mawili. Nimechapisha ile fremu, mkia wa mamba na herufi tano, nikaipelekea shosho. Ameibandika ukutani nyuma ya mlango, juu ya panga. Na yule fundi nimemwagiza panga langu mwenyewe, kwa sharti moja, kwamba apige herufi za jina lake karibu na mpini, kwa patasi, hata kama zitakuwa kombo. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaniuliza, "Nianze na jina gani, la kwangu ama la baba? Yeye ndiye alinifundisha."

Nikamwambia aweke yote mawili.

Ukienda ocha sikukuu hii, angalia nyuma ya mlango, au juu ya dari ya jikoni, au pale kuni zinapowekwa. Kuna panga. Usilinoe kwanza. Futa vumbi kwa kitambaa, tafuta chapa, piga picha. Kisha mpelekee aliye mzee kuliko wote pale nyumbani, uliza lilinunuliwa wapi, na nani, na lilikata nini. Akinyamaza, ngoja. Mimi shosho alinyamaza mpaka chai ikapoa, halafu ndipo akasema.